Nyekundu ya Aliyekaza, Nyeupe ya Aliyekagua

11 Juni

Mjomba, shikamoo.

Naandika nikiamini umefika kwa binti yako ukiwa na mgongo mzima na mizigo yote. Huku hatujambo, isipokuwa goti la mama, ambalo sasa ndilo mkuu wa nyumba: likisema tukae, tunakaa. Anakusalimu sana, na anasema umeondoka na blanketi lake la kijani. Mimi nilikuonya kwamba atajua.

Kazini naendelea na meno ya watu. Wiki iliyopita mzee mmoja alirudisha seti yake ya juu ya meno ya bandia akidai imenyooka mno, mkewe anamcheka kila akifungua mdomo. Nikamtengenezea nyingine, nikayapinda mawili ya mbele kidogo tu, kwa makusudi. Alipojitazama kwenye kioo alinishika mkono na hakuuachia haraka.

Mama Mkwe naye hajambo. Jirani akinisikia nikisema nakwenda kumsafisha Mama Mkwe hushangaa, maana anajua sina mume, na bado sijamwambia kwamba ni pikipiki. Gereji nimeifagia yote. Mama alikuta zile chupa zako mbili za rangi ya kucha kwenye rafu akataka kujua ni za mwanamke gani. Nikamweleza upya kwamba anayekaza bolti huichora mstari mwekundu, kisha mtu mwingine, ambaye hakushika spana, huijaribu kwa mkono wake na akiridhika huchora mstari mweupe kando yake. Pikipiki haitoki mpaka kila bolti iwe na mistari miwili ya watu wawili. Mama akasema kumbe miaka yote aliyosikia unanunua rangi ya kucha dukani, alikuwa anakuombea bure upate mke.

Mbio za mwezi uliopita nilimaliza wa nne. Wa tatu alikuwa yule Mwoka Mikate, mbele yangu kwa upana wa tairi. Mtu huyo anawasha tanuri alfajiri, anakuja uwanjani na kapu la mikate ya moto, anatulisha wote, kisha anatushinda. Zimebaki mbio tatu. Ninachotaka ni nafasi ya tatu katika jumla ya msimu, basi. Miaka sita nimekuwa wa nne na wa tano, na mwakani natimiza arobaini. Nikiikosa safari hii, naacha.

Wako,
Kiroboto


2 Julai

Mpwa wangu Kiroboto, marahaba.

Nimefika na mgongo upo. Blanketi la kijani silijui. Binti yangu amenipa chumba chenye dirisha la barabarani, na mumewe ananiheshimu tangu nilipomwambia gari lake linalia beringi ya kushoto kabla hajazima injini. Chakula kizuri, chumvi kidogo. Mwambie dada yangu goti asilifunge usiku kucha, damu inataka kupita.

Umeniandikia ya meno, ya goti na ya mikate. Hukuniandikia nani anapaka nyeupe. Siku naondoka tuliagana mlangoni kwamba utatafuta mtu, na kwamba Mama Mkwe haendi uwanjani mpaka mtu huyo apatikane. Sasa umeshakwenda mbio za Mei. Nijibu hilo, na usinijibu kwa mzaha.

Spana ya kumi na saba usimwazime mtu.

Mjomba wako


9 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Kazini tumekuwa na watu wengi na mashine ya kung'arishia iliharibika, ikabidi ning'arishe kwa mkono meno ya nusu ya mji. Mama hajambo. Goti analifungua usiku kama ulivyoagiza, halafu analifunga tena nikilala.

Mwandiko wako umekuwa mzuri kupindukia tangu uache gereji. Zamani barua zako zilifika na alama za vidole vya grisi na herufi zimelala kama zimelewa. Sasa ni kama za katibu wa ofisi. Huko unafundishwa?

Kuhusu nyeupe, inapakwa. Usiwe na wasiwasi. Kila bolti ina mistari yake miwili.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Mwoka Mikate alikuja bandani kwangu baada ya mbio za juzi, akainama akaitazama injini, akauliza mistari ile ni ya nini. Nikamweleza. Akasema, "Kama unakosa mtu wa nyeupe, nitakupakia mimi. Na wewe unipakie ya kwangu." Nilimcheka. Yaani nimlete ninayetaka kumshinda aje kunikagulia mnyororo na meno ya gia, arudi kwake anajua kila kitu? Nilimwambia aendelee na unga wake. Naye akacheka, akaniachia mkate.

Tumebaki tunafuatana. Yeye ana pointi mbili zaidi yangu. Mbio za mwisho ni wikendi ya tatu ya Oktoba, na hapo ndipo tutajuana.

Wako,
Kiroboto


30 Agosti

Mpwa wangu, marahaba.

Hapa wote wazima. Mwandiko ni mzuri kwa sababu nina meza nzuri.

Mkubali Mwoka Mikate. Mtu aliyekupa mkate hana haja ya kukuibia meno ya gia. Hata kama ataiba, aibe. Umeniandikia kwamba nyeupe inapakwa, na nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi bila kumwona mtu ndani yake. Mpelekee ujumbe leo, umwambie umebadili mawazo, halafu uniandikie kwamba umefanya hivyo.

Mimi sina lingine.

Mjomba wako


21 Oktoba

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta salama. Sikukuandikia Septemba na najua umenuna. Mama anakusalimu. Goti limepungua uvimbe.

Habari ndiyo hii: nimepata nafasi ya tatu ya msimu. Kikombe kipo juu ya kabati la vyombo, mama amekipangusa mara mbili tangu Jumatatu.

Jumamosi ilikuwa jua kali. Injini ilichemka sana kwenye mazoezi, nikapata nafasi ya tano ya kuanzia. Jumapili asubuhi mawingu yalishuka, mvua ikaanza nusu saa kabla ya mbio. Nilibadili matairi yote mawili, nikaweka ya mvua, presha nikapunguza kama ulivyonifundisha. La mbele lilishika vizuri sana. La nyuma lilianza kucheza mizunguko ya mwisho lakini nilivumilia. Mizunguko kumi na miwili, na kumi kati ya hiyo Mwoka Mikate alikuwa nyuma yangu. Nikilaza kulia anakuja kulia, nikilaza kushoto namsikia kushoto.

Mwoka Mikate aliteleza kona ya mwisho, mzunguko wa mwisho. Amelazwa. Wanasema ni mvua.

Sina zaidi kwa leo. Kesho nina seti tatu za kumaliza.

Mpwa wako,
Kiroboto


5 Novemba

Mpwa wangu.

Hapa wazima. Hongera ya kikombe, mwambie dada yangu nimefurahi.

Umeandika mistari mingi juu ya matairi na mitatu tu juu ya mtu aliyeanguka. Anaendeleaje? Ameumia nini? Anazungumza?

Jambo la pili. Umesema Jumamosi injini ilichemka. Nimekulea kwenye gereji tangu hujafika kimo cha meza, najua injini ikichemka unafanya nini. Huiamini tena oili iliyopikwa, unaimwaga. Uliibadilisha lini, na nani alikuwa nawe?

Mjomba wako


14 Desemba

Mjomba, shikamoo.

Huku tupo. Mama amepaka dari ya jikoni rangi akiwa amesimama juu ya kiti, na goti hilo hilo, na nilipomgombeza akasema wewe ndiye uliyemfundisha ukaidi. Kazini nimepewa msichana wa kumfundisha kumimina nta. Ana mikono mitulivu kuliko yangu ya siku hizi.

Mwoka Mikate ametoka hospitali. Uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuna kitu. Daktari alisema tusubiri miezi mitatu ndipo aseme neno la mwisho, lakini mkewe anasema aliliona usoni mwake siku ileile.

Nakwenda kumwona Jumapili moja moja. Wamemwekea kitanda katika chumba cha nyuma ya duka, ili asikie watu. Mkewe ndiye anayeoka sasa, na kila nikiondoka ananifungia mkate. Mara ya kwanza nilipoingia, Mwoka Mikate ndiye aliyeniomba radhi. Alisema alichelewa kushika breki, tamaa ilimzidi, na kwamba ameniharibia siku ya kikombe changu. Ameshamwambia kila mtu hivyo. Ripoti ya chama cha mbio nayo inasema hivyo hivyo: mvua na haraka.

Naomba univumilie kama siandiki mara kwa mara.

Mpwa wako


29 Desemba

Mpwa wangu.

Tupo wazima.

Nilikuuliza habari ya oili ukanijibu habari ya dari. Nakuuliza mara ya mwisho. Nani alipaka nyeupe?

Mjomba wako


20 Januari

Mjomba, shikamoo.

Mama hajambo. Hajui kama nakuandikia.

Ni mimi niliyepaka. Tangu uondoke ni mimi tu. Mbio zako za mwisho nami zilikuwa Aprili, na kuanzia Mei nilikuwa nakaza, napaka nyekundu, nafunga chupa, nafungua nyingine, napaka nyeupe. Mara ya kwanza nilifanya hivyo kwa sababu niliona injini yenye mstari mmoja inaonekana kama imefiwa. Nilijiambia nakupakia wewe. Baada ya hapo nikazoea.

Jumapili asubuhi nilimwaga oili, kama ulivyosema. Nilirudisha bolti ya chini, ile inayoziba tundu la oili, kwa vidole tu, nikaenda kwenye kifuniko cha chujio, nikakaza bolti zake tatu kwa spana, nikachukua nyekundu. Brashi ilikuwa mkononi imelowa. Nikapaka zile tatu, na ile ya chini nikaipaka papo hapo, ili nisifungue chupa mara mbili. Nilijua sijaikaza. Nilisema nikimaliza kupaka naikaza. Kipaza sauti kikaita madereva wote kwenye mkutano wa mvua, nikaenda. Mkutano ulikuwa mrefu. Niliporudi niliikuta bolti ina nyekundu, Mjomba. Nikaiona nyekundu nikasema aliyekaza amemaliza kazi yake. Nikachukua nyeupe. Sikuigusa hata kwa kidole. Niliangalia rangi yangu mwenyewe nikaiamini kama ni ya mtu mwingine.

Kona ya mwisho nilihisi tairi la nyuma likiteleza, nikadhani ni maji. Nilipovuka mstari taa nyekundu ya oili ikawaka. Nilimsukuma Mama Mkwe mpaka bandani, nikainama. Pale chini palikuwa na tundu. Pembeni yake, kwenye injini, vilikuwa vimebaki vipande vya mistari, chekundu na cheupe, na vipande vingine vilikuwa vimeondoka na bolti.

Watu walikuwa wanakimbilia konani. Gari la wagonjwa nililisikia. Mimi nilifungua kopo la bolti za akiba, nikatafuta ya kipimo, nikaiingiza, nikaikaza sawasawa. Kisha nikapaka nyekundu, nikapaka nyeupe, nikapuliza zikauke. Mkaguzi wa chama alipita akaangalia breki na matairi, akaandika. Mvua ilikuwa imeshaosha oili yangu uwanjani. Nikaitwa kuchukua kikombe, nikaenda.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila Jumapili ninayokwenda naingia kwake nimebeba maneno haya na natoka nimebeba mkate. Naona aibu hata kukusalimu.

Mpwa wako


11 Februari

Mpwa wangu, marahaba. Salamu yako naipokea, usiwe unanionea aibu.

Barua yako imenichukua siku nyingi kuijibu. Kwanza ujue kwamba sikuisoma kwa macho yangu. Binti yangu ndiye aliyenisomea, kama alivyonisomea zote, na mwandiko huu ulioucheka ni wake, mimi nasema yeye anaandika. Alipofika mwisho alitoka nje kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshaanikwa. Naona mwanga wa dirisha na naona kama kuna mtu mlangoni. Zaidi ya hapo sioni.

Hii haikuanza nilipohama. Misimu miwili ya mwisho niliyokuwa nawe, nilikuwa napaka nyeupe kwenye bolti nisizoziona. Nilikuwa nazitafuta kwa kidole, nikigusa kichwa cha bolti, napaka. Sikujaribu kwa nguvu, kwa sababu mkono nao ulikuwa umechoka, na nilijua wewe ndiye uliyekaza. Ulikuwa unasimama kando unanishikia chupa, unasema Mjomba sogeza kidogo, na mimi nilijisemea labda anajua ananionea huruma. Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa sitaki kuitwa mzee wa kukaa ndani. Kisha nikaondoka nikakuachia chupa mbili na amri, badala ya kukuambia ukweli kwamba nyeupe ilikwisha zamani.

Kwa hiyo kuniuliza kwangu nani anapaka ilikuwa hofu, haikuwa busara. Nilitaka apatikane mtu kabla haijatokea. Haya ndiyo niliyokuficha.

Lakini nenda kwake. Haya yangu hayapunguzi yako. Mtu amelala kitandani anabeba kosa ambalo si lake, anawaomba watu radhi. Mwambie, na sehemu yangu mwambie pia. Usitegemee kwamba itakufanyia wepesi.

Mjomba wako


3 Machi

Mjomba, shikamoo. Na dada anayeandika, nakusalimu na wewe. Samahani kwa yale uliyolazimika kuyasoma kwa sauti.

Mama tumemhamishia chumba cha chini kwa ajili ya ngazi. Kikombe nimekirudisha kwa chama pamoja na barua. Wamenijibu kwamba watakutana. Mama Mkwe nimempasua vipande vipande, yupo kwenye masanduku manne. Anayetaka masanduku hayo ataniambia.

Juzi Jumapili nilikwenda. Nilimkuta ameegemezwa mito, anasikiliza watu dukani. Anawatambua kwa sauti, anajua nani anataka mkate wa aina gani kabla hajaagiza. Nilikaa kwenye kiti nikamwambia yote, kuanzia chupa mpaka nilipopuliza rangi ikauke. Sikulia. Nilikuwa nimejiwekea sharti hilo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu. "Mimi si nilisema nitakupakia?"

Nikamwambia ndiyo, alisema.

Nilisikia mkewe akimbadilishia mtu mfuko kwa sababu umetoboka. Kisha Mwoka Mikate akasema bila kunitazama, "Kosa langu nilikuwa nimeshalizoea. Nalala nalo, naamka nalo, tunaelewana. Hili lako nitalifanyia nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kurushiwa kitu. Nilikwenda kumtua mzigo, na niliona kwa macho yangu nilivyomwongezea. Alikuwa mtu aliyeteleza kwenye mvua akishindana. Sasa ni mtu aliyeangushwa na mwenzake kwa sababu ya kuokoa kufungua chupa mara mbili. Uso wake ulizeeka mbele yangu. Sehemu yako sikuisema. Nilifungua mdomo, nikaona ni kama natafuta wa kugawana naye.

Aliniambia nisirudi tena. Akaniambia kwamba mkewe atayasikia kutoka kwangu, si kutoka kwake, na nimwambie kabla sijatoka.

Dukani kulikuwa na watu kama sita kwenye foleni. Mkewe aliponiona alichukua mkate rafuni na kuanza kunifungia kama kawaida. Nilisimama karibu na kaunta nikamwambia kwa maneno machache, sauti ya chini, lakini foleni ilisikia, kwa sababu ilinyamaza. Yeye hakuinua uso. Aliendelea kukunja karatasi, upande mmoja, upande wa pili, akafunga uzi, akakata. Kisha akauweka mkate ule nyuma yake, rafuni, mahali ulipotoka, akatazama juu ya bega langu.

"Anayefuata," akasema.

Mpwa wako